Usigundishe mosfeti kwa epoksi ya grafini eti kwa sababu multimita imesoma OL

Weka hicho kijiko chini mkuu. Unauliza utie asilimia ngapi ya unga wa grafini (kaboni ya vipande vyembamba sana) kwenye gundi ya epoksi ili ugundishe mosfeti mbili (transista za kuwasha na kukata umeme) za pawasaplai kwenye hitisinki moja (bamba la kupoozea), ikauke kwa muda gani, na kama kuivuta hewa kwa vakyumu ni lazima, halafu mwishoni unatupia kwamba "haipitishi umeme, nimepima na multimita imesoma OL" (yaani ukinzani ni mkubwa kupita kipimo). Hayo maneno ya mwisho ndiyo yamenitoa mafichoni, maana na mimi niliyasema hivyo hivyo na kifua mbele.

Grafini inapitisha joto vizuri mno, hilo sibishi, ila inapitisha na umeme. Vipande vyake ni vyembamba na vipana, havihitaji kuwa vingi ndio vianze kugusana, hata chini ya asilimia moja ya ujazo vinaweza kutengeneza njia toka upande huu mpaka ule. Mimi nilitia kidogo, kwa akili yangu nimekuwa mjanja, nikapima, OL, nikajiona profesa. Sasa multimita kwenye ohm inatoa volti chache tu! Umeme wa 230 V ukishageuzwa kuwa DC unafika kama 325 V, na mgongo wa chuma wa mosfeti za aina hiyo umeungwa na dreni (mguu mmoja wa umeme mkubwa), kwa hiyo zikiwa zimepangwa moja juu ya nyingine kati ya 325 V na sifuri, ile ya chini ikiwaka, 325 V yote inakaa kati ya migongo miwili, inasukuma kupita kwenye tabaka jembamba la epoksi lenye vipande ambavyo havijagusana ila vimekaribiana. Pale palipobana zaidi umeme unapenya, epoksi inaungua, ikiungua inaacha kaboni, kaboni nayo inapitisha umeme, basi tena, shoti. Na kinachouma ni kwamba mwanzoni ilipiga kazi safi, hitisinki ina joto la kawaida, nikaanza hadi kujisifia. Zikaenda mosfeti zote mbili, ikaenda na draiva (saketi inayoziamuru), fyuzi ikaja kufa mwisho kabisa kama jamaa anayefika msibani watu wameshazika.

Aliyeniuzia ule unga aliandika "nano, salama kwa elektroniki". Salama kwa nani? Na yule wa kwenye video aliyenishawishi alikuwa anagundisha taa ya LED ya volti 12, LED moja, hitisinki yake peke yake, ingelipukaje hapo! Na hiyo "nano" (chembe ndogo mno) isikubabaishe, kila mpaka kati ya chembe na epoksi unakwamisha joto, na chembe zikiwa ndogo zaidi mipaka inakuwa mingi zaidi, tena mchanganyiko unakuwa mzito haumwagiki. Epoksi tupu ina kama 0.2 W/mK (kipimo cha kupitisha joto), shaba iko karibu 400, kwa hiyo kijiko cha nano hakikusogezi popote, unatakiwa ujaze kweli kweli.

Ujaze nini? Boroni nitraidi au alumina, zote nyeupe, zinapitisha joto na umeme zinauzuia. Boroni nitraidi umbo lake ni kama la grafini, vipande bapa, ukiibana chini ya mosfeti vinalala, na joto linapenda kukimbia kufuata bapa kuliko kuvuka, kwa hiyo namba kubwa ya kwenye kopo usiibebe kichwani. Alumina ya chembe za maikroni ndio ya bei nafuu na haina mambo mengi.

Ila hata ukichanganya nini, PIMA KWA VOLTI ZINAZOZIDI ZA KAZI. Gundisha vipande viwili vya chuma kwa unene ule ule, acha ikauke kabisa, piga mega (kipima insulesheni) ya 1000 V, halafu ipashe moto upime tena ikiwa ya moto, maana insulesheni inalegea kwenye joto. Mosfeti zisiwepo hapo, utaziua wewe mwenyewe. Isipopita tupa, usianze kuibembeleza. Na hitisinki kama mtu anaweza kuigusa iunge na ethi, hilo wala halina mjadala. Mimi siku hizi naweka pedi ya silikoni iliyoandikwa volti zake, nyembamba, nalala usingizi.

Uwiano wa grafini sikupi. Na huo unga uliobaki ufunge vizuri ukae mbali na meza ya kazi, ukipeperuka ukatua kwenye bodi iliyo wazi utatafuta shoti mpaka uchanganyikiwe.