Kumjibu shemeji kuhusu Mlipuko Mkuu

Ndugu yangu, umeuliza umjibu vipi shemeji yako anayedai kwamba kanuni ya pili ya themodinamiki, yaani elimu ya joto na nishati, inakataza mpangilio kutokea wenyewe, na kwamba ulimwengu hauwezi kuzaliwa na bomu. Kwa dai la kwanza, mweleze kwamba entropi, yaani kipimo cha vurugu, haipungui katika mfumo uliotengwa kabisa, ilhali Dunia hupokea nuru ya Jua na kutoa joto angani kila siku, kwa hiyo haijatengwa, na kanuni hiyo haizuii mpangilio kutokea humo.

La pili ni zito zaidi, na naamini jina lenyewe la Mlipuko Mkuu, nadharia ya mwanzo wa ulimwengu, limewapotosha wengi: nadharia hiyo haisemi kwamba kitu kililipuka mahali fulani, bali kwamba anga lenyewe la ulimwengu limekuwa likitanuka kwa takriban miaka bilioni 13.8 kutoka katika hali ya joto na msongamano mkubwa mno, na mabaki ya joto hilo, ambayo wanasayansi Penzias na Wilson waliyanasa kwa antena mwaka 1964, yangali yakitufikia kutoka kila upande. Tena mkumbushe kwa upole kwamba Georges Lemaître, mmoja wa waasisi wa wazo hilo, alikuwa padri Mkatoliki wa Ubelgiji. Usimlazimishe kuchagua kati ya imani yake na fizikia.