Maswali ya Wasomaji: Mkono Niliokatazwa Kunyanyulia

SWALI: Daktari, salaam. Nina umri wa miaka 49. Mwaka jana niliondolewa titi la kushoto pamoja na tezi za kwapani kwa sababu ya saratani, na sasa ni miezi saba tangu nimalize dripu za kemo na mionzi. Mama mkwe na mashangazi hawaniruhusu kunyanyua hata sufuria ya ugali wakihofia mkono utavimba, na nguo zangu anafua binti yangu. Nashinda nimekaa, lakini uchovu hauishi, tena naona unazidi. Mgonjwa mwenzangu ananyanyua vyuma na anasema nguvu zimemrudia. Je, nimfuate, au nitajiponza? Msomaji, Tanga.

JIBU: Dada yangu, pole kwa yote uliyopitia. Usiwalaumu wazee wako, kwani kwa miaka mingi sisi matabibu ndio tuliowaambia wanawake wasibebe chochote kwa mkono wa upande uliopasuliwa. Tezi za kwapani hupitisha majimaji yanayotoka mkononi kurudi kwenye damu. Zikiondolewa au zikipigwa mionzi, njia hupungua, na majimaji yanaweza kutuama chini ya ngozi. Tulidhani kwamba mzigo ungeyaongeza kupita uwezo wa njia zilizobaki.

Dhana hiyo ilipopimwa, haikusimama. Mwaka 1996, katika jiji la Vancouver nchini Kanada, daktari wa michezo Don McKenzie aliwakusanya wanawake 24 waliokwisha kutibiwa saratani ya matiti, akawafundisha kupiga kafi katika mtumbwi mrefu wa Kichina, yaani kazi ileile ya mabega, ya kurudia na kurudia, iliyokuwa ikikatazwa. Wewe uliyekulia pwani unajua mvuvi anavyorudi mabega yakimuuma, kwa hiyo utaelewa ujasiri wa wanawake hao. Hakuna hata mmoja aliyepata uvimbe mpya. Mwaka 2009 Kathryn Schmitz na wenzake huko Marekani walichapisha matokeo ya wanawake 141 ambao mikono yao ilikuwa tayari imevimba. Nusu yao walinyanyua vyuma mara 2 kwa wiki kwa mwaka mzima, wakiwa wamevaa soksi ya kubana mkono, wakianza na uzito mdogo chini ya jicho la mwalimu. Mikono yao haikuvimba kuliko ya wenzao, na waliozidiwa na uvimbe walikuwa asilimia 14, ilhali kwa wasionyanyua walikuwa asilimia 29. Msuli unapojikaza hukamua majimaji na kuyasukuma mbele. Mkono uliokaa tu hudhoofika, hata mzigo mdogo wa nyumbani ukawa mkubwa kwake.

Kwa hiyo mfuate mwenzako, lakini usianze na vyuma vyake. Kwanza mwone daktari wako, kwa kuwa baadhi ya dawa za kemo huugusa moyo, na ni lazima ajue pia kama mifupa yako iko salama. Akikuruhusu, chukua chupa 2 za maji za nusu lita, ambazo kila moja ina uzito wa takriban nusu kilo. Simama mgongo ukigusa ukuta, zinyanyue mbele yako polepole hadi usawa wa mabega, kisha zishushe polepole vilevile, bila kubana pumzi. Fanya mara 10, pumzika, rudia mara 10 nyingine, na siku hiyo inatosha. Kesho yake uchunguze mkono: ukiwa mzito, au pete na bangili zikianza kubana, punguza na umwone mtaalamu wa tiba ya viungo; ukiwa shwari kwa wiki 2 au 3, mwaga maji ujaze mchanga, na uzito utapanda kwa zaidi ya nusu. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20, kwa hiyo iache kabisa kwa sasa. Ngozi ikiwa nyekundu na ya moto, ukapata na homa, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Kuhusu uchovu, najua ni vigumu kuamini, lakini uchovu wa baada ya kemo hautibiwi kwa kulala. Mwaka 2019 jopo la wataalamu wa nchi mbalimbali lilieleza kwamba kutembea kwa haraka dakika 30, mara 3 kwa wiki, pamoja na mazoezi ya nguvu mara 2, hupunguza uchovu, wasiwasi na huzuni. Anza na dakika 10. Ikiwa kemo ilikuachia ganzi kwenye nyayo, vaa viatu vilivyofungwa na utembee mahali tambarare. Mwombe mama mkwe mwende pamoja, ili aone kwa macho yake kwamba mkono hauvimbi.

SWALI: Natumia vidonge vya letrozole baada ya saratani ya titi, na kila asubuhi vidole na magoti yamekakamaa. Nipumzishe viungo? Msomaji, Mombasa.

JIBU: La, mama. Dawa hiyo hushusha homoni ya estrojeni, na ndiyo sababu viungo huuma na mifupa hupungua uimara. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2015, wanawake 121 waliokuwa na maumivu kama yako walifuatiliwa kwa mwaka mmoja, na kwa waliotembea dakika 150 kwa wiki na kufanya mazoezi ya nguvu mara 2, maumivu yalipungua kwa karibu theluthi. Tembea jioni, viungo vikishalegea, na usiache kidonge hata siku moja kabla hujazungumza na daktari aliyekuandikia.