Shangazi Anajibu: Binti yangu anataka kuacha kipindi

SWALI: Hujambo Shangazi? Binti yangu anaigiza katika kipindi cha runinga kinachorekodiwa hapa Nairobi. Ni karani wa ofisi, kazi yake kupokea simu na kusema mkubwa yupo au hayupo. Anatoka nyumbani alfajiri, anashinda akisubiri, anasema maneno mawili, na hayo nayo mara nyingi hukatwa. Hulipwa siku aliyoitwa tu. Sasa ameandika barua ya kuacha. Nimzuie?
Mzazi, Umoja

JIBU: Sijambo, dada. Usimzuie, wala usimharakishe. Kwanza msimulie habari za Nichelle Nichols, mwigizaji wa Marekani, maana huyo naye aliigiza mpokea simu wa namna yake.

Alizaliwa mwaka 1932 huko Robbins, karibu na Chicago, akaanzia kwenye dansi na uimbaji. Aliwahi kuzunguka na bendi ya Duke Ellington. Mwaka 1966 akapewa nafasi ya Uhura, afisa wa mawasiliano ndani ya chombo cha anga, katika Star Trek, kipindi cha runinga cha Marekani kuhusu safari za angani. Cheo kilikuwa kikubwa, lakini maneno yake yakawa yanapunguzwa kila mara. Msimu wa kwanza ulipoisha alimkabidhi Gene Roddenberry, mwenye kipindi, barua ya kujiuzulu. Alitaka kurudi jukwaani New York. Roddenberry akamwomba atafakari hadi Jumatatu.

Wikendi hiyo hiyo, kama alivyosimulia mwenyewe, alikutana na Martin Luther King, mpigania haki za watu weusi Marekani, kwenye hafla. King akamsihi asiondoke: hicho ndicho kipindi pekee ambacho yeye na mkewe Coretta waliwaruhusu watoto wao wachelewe kulala ili wakitazame. Nichols akabaki mpaka kipindi kikafika mwisho mwaka 1969. Baadaye, kuanzia 1977, NASA, shirika la anga la Marekani, ilimtumia kuwavutia wanawake na watu weusi waombe kazi ya uanaanga. Mae Jemison, mwanamke mweusi wa kwanza kufika angani, mwaka 1992, amesema Uhura ndiye aliyemtia hamu tangu utotoni.

Wengi wakifika hapo huwaambia wasichana wavumilie tu. Mimi sikubali. King hakuwa akisifu uvumilivu. Aliona kwamba runinga ya Marekani ilizoea kumweka mwanamke mweusi jikoni, na sasa huyu hapa ameketi miongoni mwa maafisa wenzake, hakuna anayemdharau. Maneno machache, heshima kamili.

Nimepiga pasi na kurekebisha mavazi ya waigizaji humu mjini kwa miaka mingi. Nimewaona wasichana wakipewa maneno tele, kipindi kizima ni wao, na yote ni ya yaya anayechekwa kwa lafudhi ya kwao. Msichana wa namna hiyo ningemwambia aondoke leo, hata kama analipwa vizuri.

Basi muulize binti yako: huyo karani ana jina? Mwandishi anajua anaishi wapi, anataka nini, ama anamkumbuka simu inapolia tu? Kabla ya kupeleka barua, amwendee mwandishi, si mwelekezi aliyebanwa na saa za kurekodi, ampelekee jambo moja ambalo karani angeweza kulifanya katika hadithi. Akisikilizwa, abaki msimu mmoja zaidi. Akipuuzwa, aende zake kwa amani, nawe usimlaumu.

Kwa vyovyote vile, mkataba uwe wa maandishi, na nauli ya alfajiri na chakula cha mchana viandikwe humo.