Wimbo Unapokwama Kooni: Maswali Yenu Kuhusu Ibada na Msiba

Maswali ya mwezi huu karibu yote yameandikwa na watu waliofiwa au wanaougua. Nimeyafupisha na kuondoa majina. Majibu ni yale ambayo ningewapa waumini wangu kama ningekuwa nimeketi nao nyumbani kwao.

Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Mume wangu alifariki mwaka jana. Tulikuwa tunakaa benchi moja kanisani, yeye akiimba besi. Tangu tumzike, wimbo ukianza koo linafunga, nabaki nimesimama na kitabu mkononi. Je, mimi ni mnafiki? Nikae kwanza nyumbani mpaka nipone? (Mjane, Iringa)

Ameni, asifiwe. Pole sana, mama. Mnafiki ni yule anayeimba asichokiamini. Wewe unaamini, ila sauti haitoki, na Mungu anajua tofauti hiyo kuliko mimi na wewe.

Fungua Zaburi ya 42. Mwandishi wake anakumbuka jinsi alivyokuwa akiongozana na umati kwenda nyumbani kwa Mungu, kwa sauti za furaha na sifa. Sasa yuko mbali, na machozi yake yamekuwa chakula chake mchana na usiku. Angalia kinachomuumiza: ni kumbukumbu ya ibada yenyewe. Ndicho kinachokupata wewe besi inapoanza upande ule na sauti uliyoizoea haimo. Maneno hayo ya huzuni yaliwekwa katika kitabu cha nyimbo cha Israeli, yakapewa kiongozi wa waimbaji ili watu wote wayaimbe pamoja, waliofiwa na wasiofiwa.

Kwa hiyo usikae nyumbani. Jumapili ambayo huwezi kutamka "ufufuo wa mwili" katika ungamo la imani, aliye pembeni yako anautamka, na wewe umesimama ndani ya ungamo hilo hilo. Siku itakuja yeye naye afiwe, na wewe utautamka kwa ajili yake. Ndiyo maana tunaungama pamoja.

Lakini jirahisishie. Badilisha benchi. Nenda ibada ya kwanza ambayo watu ni wachache, ukae karibu na mlango, na ukizidiwa utoke nje bila kuomba radhi kwa mtu. Mweleze mzee wa kanisa wa jumuiya yako ili asije mtu kukufuata akikuuliza umekosewa na nani. Machozi yakija, yaache yatoke.

Kwenye msiba wa kaka yangu kila aliyekuja alisema "kazi ya Mungu haina makosa". Kaka aligongwa na dereva mlevi. Nilitamani kupiga kelele. Nimetenda dhambi? (Kijana, Mwanza)

Hapana, ndugu yangu. Na pole kwa kumpoteza kaka.

Mtu aliyekunywa pombe akashika usukani amefanya kosa, na kosa hilo ni lake. Biblia haitudai tumtwike Mungu ulevi wa dereva ili tuonekane tuna imani. Wanaosema maneno yale mara nyingi hawana nia mbaya. Wameingia kwenye nyumba ya msiba, hawajui waseme nini, wakashika sentensi iliyo karibu.

Kuna nyingine tunayoisoma karibu kila kaburini: "Bwana alitoa, na Bwana ametwaa, jina la Bwana na libarikiwe." Naipenda sana. Ila tazama ni nani aliyeisema. Aliisema Ayubu, aliyekuwa amefiwa na watoto kumi siku moja, nyumba ilipoangushwa na upepo, na aliisema kwa kinywa chake mwenyewe. Hakuna mgeni aliyemwekea mdomoni. Tena mstari unaotangulia, Ayubu 1:20, unasema alirarua joho lake na kunyoa kichwa, ndipo akaanguka chini akasujudu. Mtu yule yule aliyerarua nguo ndiye aliyeabudu.

Rafiki zake walianza vizuri. Waliketi naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kusema neno, kwa kuwa waliona huzuni yake ni kubwa mno. Hilo ndilo jambo jema kuliko yote waliyomfanyia. Walipofungua vinywa wakaharibu: wakaanza kumtafutia dhambi, wakaitetea haki ya Mungu kwa gharama ya aliyefiwa. Kitabu kinafungwa kwa Mungu kumkasirikia Elifazi na wenzake wawili, akiwaambia hawakunena yaliyo sawa kumhusu yeye, kama alivyonena mtumishi wake Ayubu. Huyo ni Ayubu aliyeilaani siku aliyozaliwa, akadai Mungu amjibu uso kwa uso!

Kwa hiyo kelele uliyoizuia, ipeleke kwa Mungu. Anza na Zaburi ya 13: "Ee Bwana, hata lini utanisahau, hata milele?" Isome kwa sauti, mlango ukiwa umefungwa. Aliyemkasirikia Mungu akaendelea kusema naye bado yuko katika ibada.

Nasi tunaokwenda misibani: tuteke maji, tuoshe vyombo, tukae kwenye mkeka, tuseme "pole" na tuishie hapo.

Nikipiga magoti maneno hayaji kabisa. Nifanyeje? (Dada, Nairobi)

Sema Baba Yetu, basi. Hata ukifika nusu ukashindwa, Warumi 8:26 inasema hatujui kuomba jinsi itupasavyo, lakini Roho mwenyewe hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa. Na kama usingizi umekupotea kwa wiki nyingi, huli, au unawaza heri ungekufa, mwambie mtu leo hii, uende hospitali au kwa mshauri. Nabii Eliya aliomba afe akiwa chini ya mretemu, kichaka cha jangwani. Malaika alimgusa akampa mkate na maji, akamwacha alale tena. Mungu alianza na mwili.

Mwanangu alizaliwa amefariki. Alizikwa jioni ile ile na wanawake wachache, mimi nikiwa bado wodini. Hakukuwa na ibada wala matanga. Wakaniambia nisilie, nitapata mwingine. Sasa naona hata kanisa linamhesabu kama hakuwapo. (Mama, Tanga)

Mama, pole. Alikuwapo. Wewe ni mama yake, na utaendelea kuwa mama yake hata Mungu akikujalia wengine.

Wengi watakupeleka kwa Daudi katika 2 Samweli 12, na mimi nitakupeleka, ila kwa tahadhari. Mtoto wa Daudi alifariki siku ya saba. Wakati wa ugonjwa wake mfalme alifunga na kulala chini. Aliposikia amekufa aliinuka, akaoga, akabadili mavazi, akaingia nyumbani mwa Bwana akasujudu. Watumishi wake walishangaa. Akawaambia: "Mimi nitakwenda kwake, lakini yeye hatanirudia mimi." Hayo ndiyo ya kukaa nayo. Mtoto wa siku chache, ambaye Biblia haikumtaja hata jina, baba yake anategemea kumwendea.

Tahadhari yangu ni hii. Katika habari ile nabii Nathani alikuwa amemtamkia Daudi neno mahususi kwa kosa mahususi. Hakuna nabii aliyetumwa kwako, na asikudanganye mtu kwamba umeadhibiwa. Wanafunzi walipomwuliza Yesu ni nani aliyetenda dhambi hata yule mtu akazaliwa kipofu, alikataa swali lao: si yeye wala wazazi wake. Tena usilinganishe mwendo wako na wa Daudi. Yeye alikuwa na siku saba za kulala chini. Wewe hukupewa hata saa moja. Na aya inayofuata inasema Daudi alimfariji Bathsheba mkewe. Mama wa mtoto alihitaji faraja, na Maandiko hayakuona haya kusema hivyo.

Sasa mwendee mchungaji wako, umwombe mwende pamoja kaburini, hata kama miezi imepita. Soma andiko, omba, taja jina kama ulimpa. Kama hukumpa, waweza kumpa sasa. Makanisa yanayoadhimisha Marehemu Wote tarehe 2 Novemba husoma majina ya waliotangulia. Kama kanisa lako ni mojawapo, peleka jina lake. Natamani wachungaji wenzangu wasome jibu hili. Tumewaachia akina mama hawa wabebe peke yao, na si sawa.

Mwenzetu wa sauti ya kwanza amefariki. Jumapili ijayo kwaya yetu ina zamu. Wengine wanataka tusiimbe kabisa, wengine tuimbe mapambio ya shangwe ili shetani aone hatujashindwa. (Mwalimu wa kwaya, Bukoba)

Wote wana hoja, mwalimu. Zaburi ya 137 inawaonyesha waimbaji walioketi kando ya mito ya Babeli, wakatundika vinubi vyao. Waliowachukua mateka walitaka burudani, nao wakakataa. Wimbo wa Bwana haukutolewa kuwafurahisha watazamaji, iwe ni Wababeli au waumini wanaotaka kuona kwaya imechangamka.

Lakini mkumbuke na kilichotokea Namirembe, kilima chenye kanisa kuu la Anglikana jijini Kampala, mwaka 1977. Askofu Mkuu wa Anglikana Uganda, Janani Luwum, na maaskofu wenzake walikuwa wamemwandikia Rais Idi Amin wakipinga mauaji ya raia. Tarehe 16 Februari alikamatwa na kuuawa. Serikali ikatangaza kwamba ni ajali ya gari. Kaburi lake lilikuwa limechimbwa Namirembe, lakini mwili haukutolewa. Ulipelekwa kijijini kwake Mucwini, kaskazini, ukazikwa huko. Jumapili ya tarehe 20 maelfu walipanda kilima kile ingawa walijua hatari yake. Baada ya ibada walisimama mbele ya kaburi tupu, wakakumbuka maneno ya malaika kwa wanawake waliokwenda kumtafuta Yesu: hayupo hapa, amefufuka. Wakaimba Tukutendereza, wimbo wa uamsho ambao wazee wenu huko Bukoba wanaujua vizuri.

Ulikuwa wimbo wa sifa. Ila waliuimba shimo likiwa wazi mbele yao na waliomuua bado wakiwa madarakani. Hawakuimba kuficha kifo.

Basi imbeni. Anzeni na wimbo wa maombolezo, polepole, na anayelia aruhusiwe kuacha kuimba. Kisha wimbo wa ufufuo. Mapambio ya kurukaruka yaacheni kwa wiki hiyo. Atakayeimba kwa kulazimishwa ataumia mara mbili. Na ninawasihi walimu wa kwaya wote: fundisheni nyimbo za maombolezo wakati hakuna msiba. Kwaya nyingi zina albamu za shangwe, lakini mwenzao akifa zinakosa cha kuimba.

Nasafishwa damu mara tatu kwa wiki kwa sababu ya figo. Siwezi tena kwenda kanisani. Mhubiri mmoja aliniambia ningekuwa na imani ningeshapona. (Baba, Dar es Salaam)

Baba, shikamoo, na pole kwa maumivu, na kwa maneno hayo pia.

Paulo alimwomba Bwana mara tatu amwondolee mwiba mwilini, akaambiwa neema yatosha. Trofimo, mwenzake wa safari, alimwacha Mileto akiwa mgonjwa. Timotheo alishauriwa atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake na magonjwa yake ya mara kwa mara. Kama kila mgonjwa amepungukiwa na imani, basi Paulo na wenzake wote walipungukiwa, na sijui mhubiri huyo atamsoma nani. Endelea na matibabu, na endelea kuomba uponyaji. Mambo hayo mawili hayagombani.

Kuhusu kanisa: Chakula cha Bwana huletwa nyumbani kwa mgonjwa. Hiyo ni sehemu ya kazi yetu, si hisani. Mpigie mzee wa kanisa wako, mweleze siku ambazo huendi hospitali, apange na mchungaji. Mwambie pia aje na watu wawili watatu wa kuimba, na nyimbo uzichague wewe.