Ruzuku kwa asasi na redio jamii: majibu ya maswali yenu

Maswali yamekuwa mengi, na mengi yanafanana. Nimechagua machache.

Nina kikundi cha akina mama hapa Masasi, tunafuga kuku. Naomba namba za simu za wafadhili.

Mama, shikamoo. Swali hili linarudi kila mwezi na jibu ni lilelile: hakuna mfadhili anayetoa fedha kwa kupigiwa simu. Ruzuku hutangazwa. Foundation for Civil Society ya Dar es Salaam, iliyosajiliwa 2002, na Kenya Community Development Foundation ya Nairobi, iliyoanza 1997, hutoa mwito wa maombi wenye masharti na tarehe ya mwisho. Usomeni wote kabla ya kushika kalamu. Lakini kwanza niambie: kikundi kimesajiliwa halmashauri? Kina katiba, akaunti ya benki, mihtasari ya vikao? Na kama mnachohitaji ni mtaji wa kuku tu, huo ni mkopo. Muoneni ofisa maendeleo ya jamii wa kata.

Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri ni ruzuku?

Hapana. Ni mkopo usio na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Unarejeshwa. Mikopo hiyo iliposimamishwa 2023, madeni yasiyolipwa na vikundi hewa vilikuwa sehemu ya sababu, na walioumia ni wale waliokuwa wakirejesha kwa wakati.

Redio yetu ya jamii ilitegemea mradi wa fedha za Marekani. Mradi umekufa, watangazaji hawajalipwa. Tuandike andiko la kuomba fedha kwa nani?

Poleni sana. Hamko peke yenu. Amri ya Rais wa Marekani ya Januari 20, 2025 ilisimamisha misaada ya nchi hiyo kwa nchi za nje, na Julai 1 mwaka huohuo USAID, shirika lao la misaada, ikafungwa rasmi. Mwezi huohuo Bunge lao likafuta dola bilioni 1.1 za shirika lililokuwa likisaidia redio na televisheni za umma nchini mwao tangu 1967, na vituo vidogo vya vijijini huko vikaanza kuwageukia wasikilizaji na mifuko ya jamii ya miji yao. Mifuko ya namna hiyo wanayo tangu 1914, ulipoanzishwa ule wa Cleveland: wenyeji wanaweka fedha pamoja, riba inahudumia asasi za hapohapo. Sisi tumechelewa kuijenga, na nalisema hili kila ninapopata nafasi.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza mmwandikie nani, kaeni na daftari la gharama. Umeme wa transmita ni kiasi gani kwa mwezi? Mafuta ya jenereta? Ada ya leseni TCRA, mamlaka ya mawasiliano? Kisha andikeni mapato ya hapohapo: matangazo ya vifo, ng'ombe waliopotea, mnada wa Jumamosi, harusi, kadi za salamu. Redio nyingi zilipopata mradi ziliacha kuuza kadi za salamu zikiona ni fedha ndogo. Ilikuwa fedha ndogo, lakini ilikuwa ya wasikilizaji, na isingefutwa na amri ya mtu aliye ng'ambo.

Mkishajua pengo, ombeni ruzuku ya kuziba hilo pengo, si ya kuendesha redio nzima. Ulizeni pia TADIO, mtandao wa redio jamii, maana baadhi ya wafadhili hupendelea kusaidia vituo kadhaa kwa pamoja. Na semeni wazi kwenye bajeti kwamba mnahitaji mishahara na umeme. Asasi nyingi huficha gharama hizo ndani ya "semina ya kujenga uwezo", mkaguzi anazikuta, na jina linaharibika. Wafadhili nao wana lawama hapa. Anayelipia semina tano na kukataa kulipia fundi wa transmita hajaisaidia redio.

Watangazaji walipeni kwanza, hata kwa awamu. Anayekatwa posho miezi mitatu ataanza kupokea bahasha za wanasiasa.

Mgombea anataka kutupa transmita mpya. Tukubali?

Si kipindi cha kampeni. Akishinda ataidai kila siku hewani, akishindwa mshindi ataikumbuka. Kama nia yake ni njema, aitoe baada ya uchaguzi, kwa barua, mbele ya bodi, na itangazwe redioni imetoka kwa nani.

Tumepata ujumbe kwamba tumeshinda ruzuku ya dola 50,000, tutume laki tatu za kuandaa malipo.

Utapeli. Msitume hata senti, pelekeni ujumbe huo polisi.

Mwekahazina wetu ni mke wa mwenyekiti, na mfadhili amehoji. Ni mwaminifu kabisa. Kuna tatizo gani?

Tatizo ni kwamba uaminifu wake hauwezi kuonekana na mtu wa nje. Mchagueni mwingine, na wawe watia saini watatu wasio ndugu. Mkiwa kwenye hilo, fungueni na faili la risiti. Naona sana hizi: kikaratasi kilichochanwa daftarini, "mafuta lita 20", hakina tarehe, hakina jina la kituo, mwandiko ni ule wa aliyechukua masurufu, yaani fedha alizokabidhiwa kufanyia kazi. Hata kama mafuta yalinunuliwa kweli, fedha hiyo mtairudisha. Daini risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, palepale kituoni.

Angalieni pia cheti chenu. Tangu marekebisho ya sheria ya 2019, cheti cha NGO kina uhai wa miaka 10, na taarifa za kila mwaka lazima zifike kwa Msajili. Kuna asasi zinaligundua hili siku mfadhili anapoomba nakala.

Mtaalamu ametuahidi kutuandikia andiko, malipo yake asilimia 10 ya fedha tutakayopata. Ni sawa?

Si sawa. Asilimia hiyo haimo kwenye bajeti iliyoidhinishwa, kwa hiyo mtaiiba kutoka kwenye shughuli na kughushi risiti kuifunika. Tena andiko lake ni lile aliloliuza wilaya ya jirani, amebadilisha jina la kijiji. Msimamizi wa ruzuku anayesoma maandiko mia kwa wiki analitambua kwenye ukurasa wa kwanza. Andikeni wenyewe: tatizo gani, linamgusa nani, mmeshafanya nini kwa fedha zenu, mnahitaji nini cha ziada. Mkihitaji msaada wa hesabu, mlipeni mhasibu kwa siku, kiwango mnachokubaliana mapema, akupeni risiti.