Albamu ya Teenage Fanclub: peleka sikio kwenye gitaa la pili

Mkuu, umeuliza mambo mawili kwa mpigo. La kwanza, umeisikiliza Nothing Lasts Forever, albamu ya Teenage Fanclub, bendi ya gitaa ya Uskoti, ukaona nyimbo zote zinafanana, hakuna solo la kumwinua mtu kwenye kiti, sasa unauliza kama wazee wameishiwa. La pili, kikundi chenu pale Sakina kinataka gitaa zilie vile na gitaa la nyuzi 12 hamna. Nimepiga gitaa la ridhimu, lile la kusindikiza, miaka mingi, hotelini Arusha na kwenye harusi za Moshi, na muziki wa aina hii naupenda kwa moyo wote. Nitajibu kwa kirefu, mnivumilie.

Wazee hawajaishiwa. Tatizo ni kwamba tumezoea kusikiliza kilicho mbele tu: mwimbaji, solo, ngoma. Kwenye albamu hii kazi kubwa imefanyika katikati, kwenye gitaa la pili na sauti ya pili. Ukipeleka sikio huko, nyimbo zile kumi zinaanza kuachana, kila moja na sura yake.

Kwa wadau wasiowafahamu: bendi ilianzia Bellshill, jirani na Glasgow, mwaka 1989. Bandwagonesque, albamu iliyowapa jina, ni ya 1991. Kwa karibu miaka thelathini walikuwa na watunzi watatu, Norman Blake, Raymond McGinley na mpiga besi Gerard Love, kila mmoja akiongoza nyimbo zake na wenzake wakimpokea. Love alijitoa 2018, na pengo lake mimi bado nalisikia, maana besi yake ilikuwa inaimba. Kwenye albamu hii besi anapiga Dave McGowan, kinanda Euros Childs, ngoma Francis Macdonald. Waliirekodi Rockfield, studio ya shambani kule Wales, ikatoka Septemba 2023, Blake na McGinley wakiwa wanakaribia miaka sitini. Nyimbo tatu kati ya kumi zinataja mwanga kwenye majina yake. Watu wa umri huo wakirudia jambo moja mara tatu, mimi nakaa chini nasikiliza.

Mlio wenyewe una ukoo. Mwaka 1964 George Harrison wa Beatles alipata gitaa la Rickenbacker la nyuzi 12. Mwaka uliofuata, Roger McGuinn wa The Byrds akalifanya ndiyo sauti ya bendi yake kule Marekani. Kwenye gitaa hilo nyuzi nne nene kila moja ina mwenzake mwembamba anayelia oktava moja juu, yaani noti ileile kwa sauti ya juu zaidi, na zile mbili nyembamba kila moja ina pacha wa sauti ileile. Ukigusa kodi moja, yaani noti kadhaa kwa pamoja, unasikia kama watu wawili wamegusa pamoja. Halafu studio wakaipitisha sauti kwenye kompresa: inabana mshindo wa mwanzo na kuinua mkia wa noti, kwa hiyo noti haifi mapema, inaendelea kuning'inia juu ya inayofuata. Ndiyo maana mpigaji hahitaji kukimbia. Anachambua kodi uzi mmoja mmoja, anaacha nyuzi wazi zilie. Big Star wa Memphis wakaichukua hiyo mwanzoni mwa miaka ya sabini, na Teenage Fanclub hawajawahi kuficha kwamba ni wanafunzi wao.

Na sisi watu wa huku tusijifanye wageni kwenye jambo hili. Wilson na George Kinyonga, ndugu wa Tanga, walikuja Arusha mwaka 1970 wakaunda Arusha Jazz kabla ya kuvuka kwenda Kenya mwaka uliofuata na kuwa Simba Wanyika. Sikilizeni jinsi gitaa la Wilson na lile la George yanavyopishana, kama watu wawili wanaotwanga kinu kimoja: mmoja anashuka, mwenzake anapanda, na hawagongani. Baadaye, Les Wanyika ilipozaliwa 1978, ridhimu ya Profesa Omar Shabani ikawa ndiyo wimbo wenyewe. Ukiiondoa, hakuna kinachobaki cha kuchezea. Sisemi kwamba Waskoti wale wameiga kwetu. Nasema sikio linalotakiwa tunalo tayari, tumelipokea kwa wazazi wetu, ila tukisikia Kiingereza tunalizima na kuanza kusubiri solo.

Nina mzee wangu mmoja anaishi Kiboriloni, alipiga dansi enzi za bendi za mashirika, na ndiye aliyenifundisha kuweka kiganja. Kiingereza hakimhusu. Nilimpelekea albamu hii kwenye simu, tukagawana waya wa masikioni, yeye upande wa kushoto mimi kulia. Wimbo wa kwanza hakusema kitu. Wa pili akaanza kugonga paja, lakini hakuwa anafuata ngoma, alikuwa anafuata gitaa lililojificha nyuma ya mwimbaji, lile linalojibu mwisho wa kila mstari. Akauliza, "Huyu wa nyuma ni nani?" Nikamwambia, mzee, nadhani ni yuleyule anayeimba nyimbo za zamu nyingine. Akatikisa kichwa: "Huyu ameshamwimbia mwenzake miaka mingi. Kijana hawezi kukaa kimya namna hiyo." Tukarudia wimbo uleule mara kadhaa, na kila mara alinishika mkono pale gitaa lile lilipoacha kupiga. Alikuwa ananionyesha sehemu za kimya.

Kuhusu sauti, mimi nimelelewa kwaya ya usharika, Kilutheri, huko mlimani Machame. Mwalimu wetu aliandika do re mi ubaoni na alianza na alto. Soprano wangekaa nje kabisa mpaka alto waweze kuimba mstari wao bila kuyumba, kwa sababu alto akijifunza baada ya soprano atamfuata tu. Blake na McGinley wanaimba kwa nidhamu ya namna hiyo. Blake ana sauti ya juu na laini, McGinley yuko chini kidogo na hana haraka, na wanapokutana kwenye kiitikio hakuna anayemzidi mwenzake nguvu. Jaribu hivi: cheza wimbo wa mwisho, I Will Love You, uimbe wewe sauti ya chini peke yake. Wimbo ni mrefu na maneno ni machache, kwa hiyo una muda wa kutosha. Utagundua mstari huo unasimama wenyewe, una mwendo wake. Wimbo ambao sauti ya pili inaweza kuimbwa pekee ukapendeza, huo umetungwa na mtu anayejua kazi.

Sasa, unapolalamika kwamba zinafanana, una haki kidogo. Pale katikati mwendo ni mmoja mno, na ngoma zina adabu kuliko inavyohitajika. Zamani Love angeingiza kitu cha kasi hapo, ukaamka. Mimi nisingeanza na albamu hii kumfundisha mtu bendi hii. Ningempa Bandwagonesque kwanza, kisha hii, asikie ni kelele kiasi gani wameamua kuziweka chini.

Nije kwenye gitaa zenu. Msitafute la nyuzi 12, ni ghali na kulitunza ni kazi. Mna magitaa mawili ya kawaida, yanatosha. Njia rahisi ni kapo, kile kibanio cha kubana nyuzi zote kwenye shingo ya gitaa. Wimbo ukiwa G, mmoja apige G ya kawaida, mwenzake aweke kapo kibao (fret) cha saba apige kwa mkao wa vidole wa C. Wote mko G, ila mmoja yuko juu na nyuzi zake wazi zinang'ara. Wimbo ukiwa D, kapo ibaki hapohapo, apige kwa mkao wa vidole wa G.

Njia tamu zaidi inahitaji pakiti mbili za nyuzi namba 9, zile nyembamba, na uvumilivu. Kwenye gitaa moja, E nyembamba na B ziache kama zilivyo. Panapokaa G weka uzi mwingine wa E nyembamba, uupandishe mpaka G. Panapokaa D weka uzi wa B, uupandishe mpaka D. Panapokaa A weka uzi wa G, mpaka A. Panapokaa E nene weka uzi wa D, mpaka E. Hapo nyuzi zile nne zinalia oktava moja juu ya kawaida, yaani mnakuwa mmegawana gitaa la nyuzi 12 watu wawili. Uzi ule wa G upandisheni taratibu, ndio unaopenda kukatika. Ukikatika mara ya pili, shusheni magitaa yote mawili nusu noti, hakuna atakayejua.

Kwenye ampli punguzeni besi, ongezeni sauti kali (treble) kidogo, na eko iwe ndogo sana, vinginevyo noti zinachanganyikana. Anayepiga lile lenye nyuzi nyembamba asipige kodi nzima, achambue. Wa kawaida aweke kiganja karibu na daraja, pale nyuzi zinapoegemea kwenye mwili wa gitaa, apunguze mlio, amwachie mwenzake nafasi. Wapigaji wengi wanashindwa hapo kwa sababu kila mmoja anataka asikike na mchumba wake aliyekaa mbele.

Sauti zipangeni kabla ya kugusa gitaa lolote, na waanze wa chini. Mkipata hata dakika moja kwa simu, wekeni hapa kwenye mada hii, nitaisikiliza na kuwaambia wapi gitaa zinagongana.