Lenzi kongwe za milimita 50: majibu kwa wasomaji wa Kusini

Barua za safari hii karibu zote zinahusu lenzi za kamera za renjifainda, zile ambazo unachungulia kwenye kidirisha cha pembeni, unazungusha lenzi mpaka taswira mbili zilale moja juu ya nyingine, ndipo unapiga. Lenzi ya milimita 50 ndiyo iliyouzwa pamoja na nyingi ya kamera hizo, na ndiyo maana bado zinapatikana kwenye masanduku ya marehemu wazee wetu.

*Shikamoo mwalimu. Babu ameniachia kamera iliyochongwa jina Leica, na lenzi imeandikwa Elmar. Fundi mmoja ananiambia ni feki ya Kirusi. Nitajuaje ukweli? (Lindi mjini)*

Marahaba. Fungua lenzi kwa kuizungusha kinyume cha saa mpaka itoke, kisha tazama sehemu ya juu ndani ya mdomo wa kamera. Utaona mkono mdogo wa chuma unaosukumwa na lenzi ili kamera ijue umbali. Kwenye Leica halisi ya hesi (ile ambayo lenzi hufungwa kwa kuzungushwa kama skrubu), ncha ya mkono huo ni kigurudumu cha duara kinachozunguka. Kwenye FED na Zorki, nakala za Kisovieti, ncha ni bapa, haizunguki. FED ilianza kutengenezwa Kharkiv, Ukraine, mwaka 1934 kwa kuiga Leica II ya 1932, na Zorki ikafuata Krasnogorsk, karibu na Moscow, mwaka 1948. Baadaye watu walikwangua majina ya nyingi kati yake na kuchonga Leica ili wauze kwa bei kubwa.

Kwa lenzi, angalia tundu la mwanga, lile linalopanuliwa na kubanwa ili kupitisha mwanga mwingi au mdogo. Elmar halisi, iliyobuniwa na Max Berek wa Leica miaka ya 1920, ina tundu lake mara tu nyuma ya kioo cha kwanza, na unalibadilisha kwa kijimkono kilicho usoni mwa lenzi. Lakini hata ikithibitika kuwa ni FED, usiidharau. Vioo vyake ni vinne katika mafungu matatu kama vya Elmar, na kama ni visafi vitakupa picha nzuri. Piga mkanda mmoja kamili kabla hujazungumza bei na mtu yeyote.

*Ndani ya lenzi yangu kuna nyuzi nyuzi kama utando wa buibui. Je, imeharibika? (Mikindani)*

Hizo ni kuvu, na ndizo adui mkubwa wa lenzi katika pwani yetu. Kuvu huhitaji joto na unyevu, na sisi tunavyo vyote, hasa kuanzia mvua za Novemba au Desemba mpaka Aprili. Zinakula mafuta na vumbi lililo juu ya kioo, na zikikaa muda mrefu huacha alama kwenye mpako (utando mwembamba uliopakwa kioo kupunguza mwanga unaorudi) na hata kwenye kioo chenyewe. Hapo hakuna kusafisha kutakakoirudisha.

Kabla hujanunua au kumpelekea fundi, fanya hivi. Fungua tundu mpaka mwisho, washa tochi ya simu nyuma ya lenzi kwa mshazari, wewe uchungulie kwa mbele. Nyuzi zenye matawi ni kuvu. Wingu lililotanda kioo kizima ni ukungu, mara nyingi mvuke wa grisi ya zamani, nao ukifutwa mapema huondoka. Mikwaruzo myembamba iliyojaa kioo cha mbele ni ya watu waliofuta kwa shati. Ukiielekeza lenzi kwenye jua, mikwaruzo hiyo hutawanya mwanga na kuififisha picha. Canon 50 f/1.8 (namba ya f ni ukubwa wa tundu: ikiwa ndogo, tundu ni kubwa), lenzi ninayoipenda, ina tabia ya kushika ukungu kwenye kioo kilicho nyuma ya tundu, kwa hiyo pamulike hapo kwa makini zaidi.

Kwa kuifungua, ningemwamini fundi saa mwenye mkono mtulivu na bisibisi za saizi zake kuliko fundi yeyote mwenye haraka. Wewe mwenyewe kazi yako kubwa ni kuitunza. Toa lenzi kwenye mkoba wake wa ngozi leo hii, kwa sababu ngozi hunyonya unyevu na kuutunza palepale kioo kilipo. Tafuta chombo cha plastiki chenye mfuniko unaobana, weka ndani vipakiti vya silika vinavyokuja na viatu na vifaa vya umeme, na kipimo kidogo cha unyevu. Lenga asilimia 40 hadi 50. Vipakiti vikishiba, vikaushe kwa moto mdogo uvirudishe. Mchele usiweke, unaacha vumbi. Na itumie lenzi hiyo. Lenzi inayotoka nje mara kwa mara ikapata hewa na mwanga, kuvu huipata kwa shida kuliko ile iliyofungiwa kabatini miaka.

*Nina Industar-22, Jupiter-8 na Canon 50 f/1.8, zote za hesi. Nitazilinganishaje bila upendeleo? (Shangani, Mtwara)*

Swali hili limenifurahisha kuliko yote, maana una mikononi mwako njia tatu tofauti za kutatua tatizo moja.

Mwanzoni mwa miaka ya 1930 vioo vya lenzi havikuwa na mpako. Kila mahali kioo kinapokutana na hewa, asilimia 4 au 5 ya mwanga ilirudi nyuma na kuzurura ndani ya lenzi, ikafifisha picha. Ludwig Bertele wa Zeiss, kampuni ya Ujerumani, akaja na Sonnar mwaka 1932: f/2 yenye vioo sita, lakini vimegandishwa katika mafungu matatu, kwa hiyo sehemu za kukutana na hewa ni sita tu. Summar f/2 ya Leica iliyotoka 1933 ilikuwa na vioo sita vilevile katika mafungu manne, sehemu nane, na bila mpako ililemewa na jua la mbele. Mwaka 1935 Alexander Smakula wa Zeiss akavumbua mpako wa kupunguza mwanga unaorudi, na baada ya vita wabunifu wakawa huru kutumia mafungu mengi. Jupiter-8 yako, ya Kisovieti, ni mtoto wa Sonnar. Canon yako ina mafungu manne, na inategemea mpako. Industar ni ukoo wa Tessar, lenzi ya kale ya Zeiss, vioo vinne mafungu matatu.

Sasa jaribio. Siku moja, saa moja, mkanda mmoja, kamera juu ya stendi. Anza na kuta za matumbawe na milango ya kuchonga ya Mikindani, au Boma lenyewe lililojengwa 1895: ukuta ulionyooka unaonyesha pembe za picha. Piga f/4 kwa zote tatu, kisha f/8, kisha kila moja kwa tundu lake kubwa kabisa. Nakuambia mapema kwamba kwenye f/8 utapata shida kuzitofautisha. Watu wengi hulinganisha hapo, wakaishia kusifia jina.

Tofauti itatokea kwenye nyuso na kwenye jua la mbele. Mweke mtu chini ya mkorosho, nyuma yake vipande vya mwanga vikipenya majani. Kwenye f/2 Jupiter-8 itakuwa na ukali katikati na kulainika pembeni, na nyuma kutayeyuka kwa upole. Canon, tundu likiwa wazi vilevile, itakuwa na ukali uliosambaa vizuri zaidi hadi pembeni, ila nyuma kunaweza kuwa na fujo. Halafu nenda ufukweni asubuhi, piga jahazi likiwa kati yako na jua, uone ipi inabaki na weusi wake.

Jaribio la mwisho ni letu hasa, na huwezi kulipata kwenye majaribio ya Ulaya. Piga ngoma ya sindimba saa saba mchana, ngozi nyeusi na kanzu nyeupe katika fremu moja. Lenzi yenye kontrasti kali (tofauti kubwa ya weusi na weupe) itaua uso au itaunguza kanzu. Hapa Industar, au lenzi yoyote ya kale yenye kontrasti ya chini, hushinda, kwa sababu mwanga unaozurura ndani yake huinua vivuli kidogo. Pima mwanga wa uso, si wa kanzu. Kwa uso kivulini nachagua Jupiter-8 bila kusita, na kwa Boma na milango nachagua Canon.

Ukishasafisha picha, andika namba nyuma, uzichanganye, umpe jirani achague bila kujua ipi ni ya lenzi gani. Na kumbuka unalinganisha lenzi tatu zilizoishi miaka mingi katika mikono tofauti. Jupiter-8 nyingine yenye vioo visivyoguswa inaweza kuishinda yako.

*Jupiter-3 yangu haishiki fokasi kwa karibu nikiifunga kwenye Leica, ila mbali ni sawa. (Masasi)*

Sababu ni mbili. Lenzi za Kisovieti kama hiyo zilifuata kipimo cha Contax, kamera ya Zeiss, ambako ile "50" ni milimita 52.4 kwa hakika, wakati kamera ya Leica inategemea 51.6. Kwa mbali hazigombani, lakini kwenye mita 1 na f/1.5, ambako kina cha ukali, yaani unene wa eneo linaloonekana kali, ni kama sentimita 3 au 4, kosa linaonekana. Ya pili ni tabia ya ukoo wa Sonnar: ukipunguza tundu, fokasi husogea nyuma kidogo. Panga chupa za soda kwa mshazari, lenga ya katikati, piga f/1.5, f/2 na f/2.8, uone ipi imekuwa kali. Fundi anaweza kubadilisha unene wa washa (pete nyembamba ya chuma) ndani ya lenzi ili ikae sawa kwa karibu. Ukiifunga kwenye Zorki huenda tatizo lisiwepo kabisa.

*Korosho zimelipa mwaka huu. Ninunue Canon 50 f/0.95? (Nachingwea)*

Hongera kaka, lakini hapana, isipokuwa una Canon 7. Lenzi hiyo ya 1961 inafungwa kwa mdomo wa nje wa kamera hiyo, si kwa hesi, na kwenye mita 1 kina chake ni sentimita 2 hivi: jicho moja lipo, sikio halipo. Kwa fedha hizo ungepata Canon 50 f/1.8 safi, huduma ya fundi na mikanda ya kutosha.

*Naweza kuzifunga kwenye kamera ya dijitali? (Kilwa Masoko)*

Ndiyo, kama ni ile isiyo na kioo cha kurusha taswira ndani. Lenzi ya hesi inahitaji kukaa milimita 28.8 kutoka kwenye mkanda au kihisi, na kamera hizo zina nafasi ya adapta. Kamera kubwa za kioo zina milimita 44 na zaidi, kwa hiyo lenzi haitafika mbali: itaona vitu vya karibu sana tu.

*Picha zangu zote zina nukta nyeupe mahali palepale. Ilianza baada ya kuvuka kwa kivuko kwenda Kitunda. (Lindi)*

Dada, jua limetoboa pazia la shata, lile linalofunguka na kufunga ili mwanga ufike kwenye mkanda. Kamera hizi hazina kioo ndani, kwa hiyo lenzi ikielekea juani ikiwa kwenye mbali kabisa na tundu wazi, hukusanya miali juu ya pazia la kitambaa na kuliunguza kwa sekunde chache. Canon P na Canon 7 zina pazia la chuma, na hata hilo hukunjamana likiguswa. Ingia chumba chenye giza, toa lenzi, mulika tochi kwa mbele huku ukitazama nyuma kupitia mlango wa mkanda, kisha vuta shata kama unayejiandaa kupiga, uone pazia la pili pia. Tundu dogo huzibwa kwa rangi nyeusi ya mpira iliyopakwa nyembamba sana, ikaachwa ikauke kabisa kabla pazia halijakunjwa. Matundu yakiwa mengi, pazia libadilishwe. Na ukiwa kwenye kivuko, kifuniko cha lenzi kikae mahali pake mpaka unapotaka kupiga; kama kimepotea, funga tundu mpaka f/16 na urudishe fokasi kwenye mita 1.